Mkono Usiosikia Moto

Kalista mwanangu,

Watu wakiandika barua huanza kwa kusema mimi huku ni mzima wa afya, hofu ni juu yako wewe uliye mbali. Mimi siwezi kuanza hivyo. Kwanza wewe hujawa mbali bado, uko hapo nyumba ya pili kwa shangazi zako, na vigelegele vyao vinanifikia hapa nilipokaa. Pili, hilo la uzima wa afya ndilo tulilogombania mimi na wewe, na tangu siku ile hatujasemezana zaidi ya shikamoo na marahaba. Basi nimechukua penseli.

Usicheke mwandiko. Najua herufi zangu zinatembea kama bata waliotoka majini. Nilisoma kwa katekista kiangazi kimoja tu, nikafukuzwa kwa kupigana, lakini katika kiangazi hicho kimoja nilishika kuliko wenzangu waliokaa na kukaa. Muulize mtu yeyote wa rika langu hapa Lumemo. Wengine wao mpaka leo wanatia dole gumba kwenye wino. Baba yako anatia jina.

Mambo ya jiko, ya mawifi, ya mkwe wako mwanamke na jinsi ya kumpokea mume akitoka shambani, hayo sikuandikii. Mama yako na shangazi zako wamekufungia ndani tangu asubuhi wanakufundisha hayo, na mwanamume akiyatia mdomo anajiaibisha. Ninachokuandikia ni lile uliloniambia juzi mbele ya chungu, kwamba harusi imekwisha kufungwa lakini wewe huondoki hapa Lumemo kwenda Uchindile na mumeo mpaka mimi niende kwa masista wa hospitali wakanitazame mkono. Kesho asubuhi mizigo inabebwa. Barua hii ndiyo jibu langu. Ila jibu lenyewe utalikuta mwishoni, kwa sababu mimi ndiye baba na nina haki ya kuzunguka kidogo kabla ya kufika.

Bibi yako Sabina, mama yangu, ulimwahi kidogo, sijui kama unaikumbuka sauti yake. Kwake mwaka haukuanza kwenye kalenda ya padre. Ulianza pale mvua za kwanza zinapolaza vumbi, na majani mapya yanachipua juu ya majivu ya nyasi tulizochoma, bonde zima likageuka kijani hadi unasikia njaa kwa kulitazama tu. Alisema kiangazi humwachia mtu vumbi kifuani, na uchovu, na maneno mabaya aliyoyaficha. Na kwa kuwa baada ya hapo kila nyumba inahamia mashambani, kila mtu na dungu lake na ndege wake wa kufukuza, na maji yakijaa hata kutembeleana hakuna mpaka mavuno, basi kabla ya kuhama alitaka nyumba ioshwe na watu waoshwe.

Ndiyo hiyo siku yetu ya majani mapya. Wewe umeikuta, ukaona ni kitu cha kawaida kama Jumapili. Si ya kila nyumba. Ni ya bibi yako, na baada yake ikawa yangu, na nimeishika vizuri kuliko alivyoishika yeye, Mungu anisamehe kwa kusema hivyo. Mikeka yote nje, ikung'utwe hadi majirani wakohoe. Magodoro yafumuliwe, nyasi za zamani zichomwe, zijazwe nyasi kavu za akiba zilizokaa darini. Kivumbasi kifukizwe ndani ya nyumba mlango ukiwa umefungwa, mbu watoke wakilia. Halafu chungu kile kikubwa, majani ya mpera, ya mlimau, mchaichai, na kivumbasi tena, kichemke mpaka kuta zinuke. Tunakaa kukizunguka, blanketi juu yetu, jasho linatiririka. Tukitoka, maji ya baridi, kisha mlenda mpya na perege na ugali wa moto, na kulala mchana bila mtu kuulizwa kwa nini umelala.

Ila kabla ya kuingia chini ya blanketi kulikuwa na lile swali. Mkubwa wa nyumba anamuuliza kila mmoja, kuanzia mdogo, "Wapi panakuuma?" Na kila mmoja anataja. Hakuna kucheka. Na alilolitaja mtu hapo haruhusiwi mwingine kulitangaza nje, mpaka mwenyewe alitoe, wala mtu hatajiwi maumivu ambayo hajayataja. Bibi yako alikuwa mkali sana kwa hilo. Alisema mvuke hauwezi kutafuta mahali peke yake.

Unakumbuka ulichosema wewe, mwaka ule meno yako ya mbele yalipong'oka? Bibi yako alikuuliza, wapi panakuuma. Ukasema, "Hapa," ukashika tumbo, "baba akipiga kelele usiku." Nikainua mkono. Bibi yako akaushika hewani, mkono wangu huu, akaniambia, "Aloisi, ameulizwa, amejibu. Ukimpiga, mwakani atakwambia haumwi popote, na utamzika." Nikaushusha. Sikuacha kupiga kelele, hilo unalijua, ila nilijifunza kwenda kuzipigia nyuma ya zizi la mbuzi.

Na mama yako je? Kila mwaka jibu lake lilikuwa moja. "Mgongo unaniuma, magoti yananiuma, na masikio yananiuma kwa kukaa na mtu anayejisifu." Ninyi mnauma midomo msicheke, mimi najifanya nakoroga majani.

Swali likifika kwangu, mimi nilikuwa na jibu langu pia. "Mimi sina kitu." Kila mwaka. Mama yangu alipokuwa hai alinitazama tu. Baada ya yeye kufa nikawa mimi ndiye muulizaji, na muulizaji haulizwi na mtu. Nikaona ni vizuri. Nikaona ndiyo uanaume wenyewe, kuwa mtu pekee ndani ya nyumba ambaye haumwi popote.

Halafu chungu. Bibi yako alikiipua kwa vitambaa viwili vilivyolowa. Mimi nilipokishika cheo, nilikiipua kwa mikono mitupu. Mwaka wa kwanza kiliniunguza, nakwambia ukweli, nilimeza kilio. Mwaka uliofuata kiliniunguza kidogo. Baadaye mkono wa kushoto haukuona tofauti kati ya chungu na mtoto mchanga. Mama yako akipiga ukelele, "We mzee, utaungua!" namjibu, "Nani, mimi?" na ninyi watoto mnapiga makofi. Nikatoka na ujinga huo hadi kilabuni. Mtu akitaka kuwasha kiko, naokota kaa la moto kwa vidole na kumpelekea polepole, nikimsalimia njiani kila ninayempita. Walinibandika jina la Mkono wa Kiboko. Nililipenda jina lile kuliko la ubatizo.

Sasa Kalista, mwanamume wa mahali pengine angeshtuka. Sisi wa bonde hili tumelelewa kusifu ngozi ngumu. Anayeingia majini alfajiri bila kutetemeka, anayekanyaga mwiba akaendelea kulima, anayebeba gunia la mpunga na bega linatoka damu, huyo tunamwimba. Kwa hiyo mkono wangu ulipoanza kufa, mimi na kijiji kizima tuliushangilia.

Nataka nikukumbushe jambo jingine kabla sijafika juzi. Ulikuwa mdogo, tulikuwa tumehamia shambani, maji yamekwisha kujaa. Ukashikwa na homa. Nikakuchemshia majani. Ukanywa ukatapika. Nikakufukiza. Homa ikapanda, macho yakageuka, nami nikasema ni majani hayajatosha, nikaenda kuchuma mengine. Hadithi ninayoisimulia kilabuni inaanzia hapo, kwamba nilikutia mgongoni nikavuka maji ya kifuani, viboko wananguruma kushoto na kulia, sikupumzika hadi hospitali. Ni kweli. Hakuna aliyewahi kuvuka maji yale kwa mwendo ule, na simdanganyi mtu. Ila kuna kipande huwa nakiruka. Kabla sijakubeba, nilirudi na mzigo wangu wa majani nikamkuta mama yako amesimama mlangoni mwa dungu. Alikuwa amekivunja kile chungu cha shambani. Vipande viko miguuni pake, majani yamemwagika kwenye tope. Akasema, "Sasa huna cha kuchemshia. Mbebe mtoto."

Mama yako anayapenda majani kuliko mimi. Mpaka leo akisikia kichwa kinamgonga anakimbilia mchaichai. Lakini alijua majani yanafika wapi na yanaishia wapi. Mimi nilitaka yafike kila mahali, kwa sababu yalikuwa yangu. Daktari aliyekupokea aliniuliza mtoto ameumwa tangu lini, nikasema tangu asubuhi. Nilidanganya. Ulipopona nikarudi kujisifia mgongo wangu.

Ndiyo nakuja juzi.

Padre alisema harusi ifungwe kabla ya Majilio, na mvua nazo hazikungoja. Kwa hiyo siku yetu ya majani mapya imeangukia katikati ya harusi yako, na nilifurahi, nikasema mwanangu ataondoka ameoshwa. Ulikaa kushoto kwangu. Ulikuwa umeshika sindano, unashona upindo wa kanga uliyopewa na shangazi. Nikauliza wote. Mama yako akataja mgongo wake na masikio yake. Wewe ukasema huumwi popote ila unaogopa baridi ya Uchindile. Nikacheka. Nikainuka kuipua chungu kama kawaida yangu.

Nilichokiona ni kwamba makofi hayakuja. Nikageuka. Ulikuwa umesimama, unanusa. Ukasema, "Baba, weka chini." Nikaweka. Ngozi ya kiganja cha kushoto ilibaki kwenye chungu. Nakumbuka niliitazama nikaona ni kipande cha jani.

"Baba," ukasema, "wapi panakuuma?"

Hakuna aliyeniuliza hivyo tangu mama yangu alipokufa. Nikasema, "Sina kitu."

"Hapo kwenye kiganja?"

"Hapaumi. Mimi nani?"

Ukasema, "Hilo ndilo ninaloliogopa."

Halafu ukanichoma sindano. Mbele ya watu wote, mtoto wangu wa kumzaa, bibi harusi, ulinichoma kidole kidogo wakati nimemtazama mama yako, nami sikujua mpaka nilipoona mama yako amefunika mdomo. Damu inatoka na mimi naendelea kuongea. Ukapandisha mkono wa shati langu. Lile baka jeupe karibu na kiwiko, ambalo nilisema ni fangasi wa maji, ukaligusa kwa ncha ya sindano, ukauliza nasikia nini. Nikakuambia nasikia mtoto asiye na adabu. Nikapiga kelele, sikwenda hata nyuma ya zizi la mbuzi. Nikasema ukoma haujaingia kwenye ukoo wangu. Wewe ulikuwa hujalitaja neno hilo. Nililitaja mimi.

Ukasema taratibu, "Basi safari itasubiri. Mimi siondoki na hili nyuma yangu."

Nikatoka.

Nimekaa na mambo mengi tangu hapo, na mengine siwezi kumwambia mama yako kwa mdomo. Nilipokuwa kijana, nimeshaota ndevu, baba yangu mdogo alishikwa na ugonjwa ule. Wazee wakamjengea kibanda mbali, karibu na maji, na mimi ndiye niliyekuwa nampelekea chakula. Palikuwa na jiwe. Naweka bakuli juu ya jiwe, nageuka, naondoka mbio. Yeye anatoka mlangoni ananiita, "Aloisi, shambani hamjambo?" Ananiuliza habari za mvua, za ng'ombe, za watu. Sikuwahi kumjibu. Siyo kwamba nilikatazwa kumjibu. Niliogopa sauti yake itanipata. Mwaka mmoja maji yalijaa mapema kikaondoka kibanda na yeye ndani yake, na sisi tukasema ni afadhali kapumzika.

Kwa hiyo Kalista, uliponipandisha shati, sikuuona mkono wangu. Niliona lile jiwe. Nikaona wajukuu zangu wakiweka bakuli na kukimbia. Halafu nikaona watu wa Uchindile wanasema huyu binti mliyetuletea baba yake ana nini, mrudisheni. Nikasema heri ninyamaze mpaka uvuke, ukishafika kule ukazaa hata mtoto mmoja, ndipo mkono huu uoze kama unataka kuoza. Nilidhani hiyo ndiyo zawadi yangu kwako ya harusi. Najua sasa ilikuwa woga tu, nimeuvisha koti.

Leo baada ya chakula nilimwita mumeo. Nilimkuta anafunga mizigo yako kwa kamba, anafunga vizuri, hilo namsifu, ingawa mimi ningefunga vizuri zaidi. Akaja akakaa kwenye kigoda, macho chini kama mkwe anavyotakiwa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Benedikti, nina neno, na nikishalisema una hiari ya kufungua hizo kamba."

Akaweka mikono magotini.

Nikamweleza. Nilimweleza kwa maneno makubwa, unanijua, nilianza na kilabuni na makaa, nikapita kwenye chungu, nikafika kwenye kiwiko. Nikamwonyesha baka. Nikamwonyesha kidole hiki kidogo kinavyojikunja na hakitaki kunyooka. Nikamwambia, sasa umejua umeoa wapi.

Yule kijana hakuinua macho. Akasema, "Baba, Kalista aliniambia kabla ya juzi. Alikiona kidole hicho siku ya mahari."

Nikauliza, "Na wewe ukanyamaza?"

"Alisema kwenu hapa mtu hatajiwi maumivu yake mpaka ayataje mwenyewe."

Nikaushusha mkono wa shati langu kwa haya. Mimi, Aloisi! Basi akainuka, akaniomba ruhusa, akarudi kwenye kamba zake. Akakaza fundo. Halafu akasema bila kugeuka, "Na kule kwetu yupo mtu alikaa kwa masista, akameza vidonge vyao, amerudi analima. Ukimwona vidole utajua, lakini analima." Nikamwambia simwogopi mtu anayelima, mimi nitamshinda hata kwa mkono mmoja. Akacheka. Ni mara ya kwanza namwona akicheka mbele yangu. Una mume, Kalista.

Mama yako nilimwambia jioni hii, wakati anapepeta mchele wa safari yenu. Nilidhani atalia. Akaendelea kupepeta. "Nitakwenda na wewe," akasema. Nikamwambia mwanamume hasindikizwi hospitali kama mwali. Akasema, "Umewatisha viboko wote wa Kilombero, leo unaogopa kukaa benchi na mkeo?" Ungo haukusimama hata kidogo. Ila nilipopita nyuma yake niliona pumba na mchele vyote vinaanguka chini, na hakuviokota.

Sasa sikiliza yale ninayotaka uondoke nayo.

Fika Uchindile, ukae mpaka mvua za kwanza za mwaka ujao, ndipo uanzishe siku yako. Usipeleke majani ya hapa. Nilitaka kukufungia mche wa kivumbasi, mama yako akaniambia niache ubishi, kule ni milimani, kuna baridi na ukungu, watu wa kule wana majani yao. Muulize mkwe wako ni yapi. Akikuonyesha usiseme kwetu tunafanya hivi. Chuma, chemsha, kaa chini ya blanketi, unyamaze. Mwili hauna kabila. Kinachofaa pale si majani peke yake, nimekuja kujua hilo nikiwa mzee. Ni kule kukaa watu wa nyumba moja mahali pamoja, mmetoka jasho, hakuna anayekimbilia kazi, na kila mmoja amesema. Sijui dawa iko wapi kati ya hayo, naona iko kwenye yote, na ukiondoa moja mengine yanakuwa supu tu.

Lile swali la bibi yako usiliache. Ila bibi yako aliuliza nusu. Hakuwa na kosa, hakuna aliyemfundisha. Yeye aliuliza panapouma. Wewe ukiuliza, ongeza na la pili, wapi pamekaa kimya? Watoto ukiwaogesha, watazame mgongoni na nyuma ya mapaja, palipo na baka paguse kwa unyoya wa kuku huku wamefumba macho. Fanya kama mchezo. Na wewe mwenyewe mwambie Benedikti akutazame, kwa sababu umekula sahani moja na mimi miaka yote, na umebebwa na mkono huu. Nimeandika mstari huo nikaweka penseli chini, nikaenda kuwatazama kuku. Sasa nimerudi.

Na siku mtu wa nyumbani kwako atakaposema sina kitu, usimpigie makofi. Hata akiwa mumeo. Hata akiwa ndiye anayekiipua chungu. Muulize tena.

Na wewe ukiwa umechoka, sema umechoka. Wanawake wa kwetu wanajifunza kuficha kwa waume zao, wanaona baba haumwi, nao wanaona aibu kuumwa. Uliniambia mbele ya chungu kwamba huumwi popote ila unaogopa baridi. Nilicheka, lakini nilikuona unashika sindano ile kwa nguvu mno. Ulikuwa unaumwa kwa ajili yangu na hukusema. Hiyo umeirithi kwangu, iache hapa hapa Lumemo, usiibebe kupanda nayo mlima.

Kwenye mzigo wako mdogo nimekuwekea kitambaa. Ni kipande cha shati langu jeupe la kanisani, nimekikunja mara nyingi, mama yako amekishona pembeni. Ni cha kuipulia chungu. Mama yako aliponiona nakata shati alidhani nimeshikwa na wazimu. Nikamwambia shati hili lilikuwa zuri kuliko mashati yote ya parokia, na kitambaa chake kitakuwa hivyo hivyo.

Wale masista hawataniambia kitu ambacho sikijui, nadhani. Watanipima, watanipa vidonge vyao, pengine watanitaka nikae kule. Wakinitaka nikae, nitakaa. Nitawafundisha wagonjwa wenzangu kulima mpunga, maana nimesikia wanaulima vibaya. Na mtu akija kuniletea chakula, nitamwambia akilete mpaka mkononi na aniambie habari za mvua. Akiweka mbali na kukimbia, nitamkimbiza.

Haya, swali. Uliniuliza mbele ya chungu na sikujibu, na siku ile haina maana kama mtu mmoja hajajibu. Ninajibu sasa. Mkono wa kushoto, kuanzia kidole kidogo kupanda hadi kwenye kiwiko, hapasikii chochote, na ni muda mrefu. Nguvu za kushika zinapungua. Usiku naamka kuupapasa nione kama uko. Na ninaogopa, Kalista. Nimemaliza, nimetaja, sasa hata wewe una ruhusa ya kulisema kwa mtu yeyote.

Barua hii mama yako atakupa asubuhi kabla hujafunga kilemba, uisome mwenyewe, usimpe shangazi. Ukishaisoma usije kulia kifuani kwangu mbele ya wachukuzi, nitaonekana mnyonge. Tutatoka nyumbani pamoja, mimi na mama yako na ninyi. Nitavaa koti nililovaa kwenye harusi yako, nitapita katikati ya barabara, na atakayeniuliza naenda wapi nitamwambia. Tutakwenda mpaka zinapogawanyika njia. Ninyi mtashika ya Idete kwenda Uchindile, sisi ya kwa masista.

Tukiachana usigeuke kutazama kama nimekwenda kweli. Nimekwenda.

Ni mimi baba yako,
Aloisi, nimeandika yote kwa mkono wa kulia, ambao bado unasikia penseli.